Soko la Nyumba Limepoa: Nani Hasa Ana Sababu ya Kuogopa?

Ukipita Kileleshwa au Kilimani siku hizi utaona mabango ya nyumba zinazouzwa yakishindana na ya nyumba zinazopangishwa, na nyuma yake kreni zingali zinapandisha zege la ghorofa nyingine. Mwenye fleti aliyenunua miaka mitano au sita iliyopita anayaona hayo yote. Anasikia jirani ametangaza ya kwake tangu Pasaka na hakuna aliyefika na pesa. Kisha anafungua simu na kukuta mtu ameandika kwamba nyumba za Nairobi zitaporomoka kama za Marekani mwaka 2008. Usingizi unaruka.

Hofu hiyo haikutoka hewani, ila imefunga fundo moja mambo ambayo hayaendi pamoja: bei, riba, kodi ya pango, deni na maneno ya mabroka. Tulifungue.

Tuanze na maana. Soko kupoa na bei kushuka ni vitu viwili. Soko limepoa pale wanunuzi wanapokuwa wachache kuliko nyumba zinazowasubiri, na dalili yake ya kwanza huonekana kwenye muda. Nyumba iliyokuwa ikiuzwa kwa miezi mitatu inakaa mwaka. Dalili ya pili ni punguzo lisiloandikwa popote: mstawishaji, yaani anayejenga nyumba za kuuza, anakuwekea kabati za jikoni bure, anakuongezea egesho la pili, anakuruhusu kulipa polepole kwa miaka miwili bila riba. Bango bado linasema milioni kumi na mbili, lakini aliyenunua anajua hakulipa hizo. Bei yenyewe hushuka mwisho, ikishuka. Kuporomoka ni hatua nyingine kabisa, nayo hutokea pale umati wa wenye nyumba unapolazimika kuuza kwa wakati mmoja.

Kwa nini bei inachelewa hivyo? Nenda Marikiti saa kumi na moja jioni. Mwenye kreti la nyanya hana ujanja. Zikilala zitaoza, kwa hiyo bei ya asubuhi haiwezi kuwa ya jioni. Nyumba haiozi. Mwenyewe asipopata anachotaka, anaondoa bango, anaingiza mpangaji na kungoja. Ndiyo maana soko la nyumba likiugua huugua kimya kimya, bila ile kelele ya bei kushuka kila saa.

Kutoka hapo tunapata somo ambalo watu wengi hulikosa: tangazo la mtandaoni si thamani ya nyumba yako. Kuna bei anayoomba muuzaji, ambayo ni matumaini. Kuna makadirio ya mthamini wa benki, ambaye kazi yake ni kumlinda mkopeshaji na kwa hiyo huwa mwangalifu. Kuna bei iliyolipwa kweli, ambayo wanaijua muuzaji, mnunuzi, mawakili wao na Wizara ya Ardhi. Hata fahirisi, yaani vipimo vya mwenendo wa bei vinavyonukuliwa magazetini, hazipimi kitu kimoja. Ya Chama cha Benki Kenya, kwa mfano, inajengwa kwa takwimu za nyumba zilizopitia mikopo ya benki, na utaona mbele kidogo kwamba hizo ni sehemu ndogo sana ya nyumba za nchi hii. Kwa hiyo fahirisi moja ikisema bei zimepanda na nyingine ikisema zimelala, huenda zote mbili zinasema kweli.

Riba ndiyo iliyozima moto

Sababu za soko kupoa ni kadhaa, lakini kama ningelazimika kuchagua moja ningechagua riba. Benki Kuu ya Kenya ilikuwa na riba ya msingi, ile inayoziongoza benki nyingine, ya asilimia 7 hadi Mei 2022. Bei za bidhaa zilipopanda na shilingi ikadhoofika, iliipandisha hatua kwa hatua hadi asilimia 13 mnamo Februari 2024. Ilianza kuishusha Agosti 2024, na kufikia Oktoba 2025 ilikuwa asilimia 9.25. Utauliza: kama imeshuka hivyo, mbona mkopo bado ni ghali? Kwa sababu benki hupandisha haraka na kushusha kwa kusitasita. Miezi mitatu baada ya Benki Kuu kuanza kushusha, wastani wa riba za mikopo katika benki za biashara ulikuwa bado unapanda. Ulivuka asilimia 17 Novemba 2024 kabla haujaanza kurudi chini.

Tazama hesabu yenyewe. Mkopo wa shilingi milioni 6 wa miaka 20, kwa riba ya asilimia 12, unalipwa takriban 66,000 kwa mwezi. Riba ikifika 16, malipo yanafika takriban 83,500. Nyumba ni ile ile, mtu ni yule yule, ila kila mwezi amepungukiwa na 17,500.

Sasa igeuze hesabu hiyo umtazame mnunuzi, kwa sababu hapo ndipo mwenye nyumba anapoguswa. Kijana mwenye uwezo wa kulipa 66,000 kwa mwezi angekopa milioni 6 riba ikiwa 12. Riba ikiwa 16 benki itampa kama milioni 4.75. Hajafutwa kazi wala hajapunguza hamu ya nyumba. Lakini milioni moja na robo zimeyeyuka mfukoni mwake kabla hajakanyaga mlangoni pako, na wewe bado unaomba bei ya zamani.

Na mfuko wenyewe umebanwa upande mwingine. Ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ya mshahara, ambao ulibatilishwa na Mahakama Kuu Novemba 2023 ukarudishwa kwa sheria mpya Machi 2024, unakatwa kila mwezi. Bima ya afya ya jamii inachukua asilimia 2.75 tangu Oktoba 2024. Michango ya hifadhi ya jamii, NSSF, imepandishwa zaidi ya mara moja. Benki hupima uwezo wa mtu kwa kinachobaki chini ya hati ya mshahara, na kinachobaki ni kidogo kuliko zamani.

Wanunuzi wenye pesa taslimu nao walihama kwa sababu yao. Februari 2024 serikali ilitoa bondi ya miundombinu, yaani ilikopa kwa wananchi na wawekezaji, ya miaka minane na nusu yenye riba ya asilimia 18.46, isiyotozwa ushuru. Iliomba shilingi bilioni 70, ikaishia kuchukua zaidi ya bilioni 240. Jiweke mahali pa mtu mwenye milioni 10. Bondi hiyo ingempa zaidi ya milioni 1.8 kwa mwaka akiwa amelala. Fleti ya bei hiyo ikipangishwa kwa 60,000 kwa mwezi huleta 720,000, na hizo ni kabla ya mambo kuanza. Ondoa mwezi mmoja nyumba ikiwa tupu, ondoa ushuru wa mapato ya pango wa asilimia 7.5, ondoa ada ya huduma ya, tuseme, 8,000 kwa mwezi na 30,000 za fundi bomba na rangi. Unabaki na kama 484,000, chini ya asilimia 5. Sioni ajabu kwamba mabwawa ya kuogelea juu ya paa hayakutosha kuwarudisha. Tangu wakati huo riba za serikali zimeshuka sana, na hiyo ndiyo sababu mojawapo ya mabroka kuanza kuchangamka tena.

Kisha kuna wingi. Kilimani na Kileleshwa zilikuwa mitaa ya nyumba za chini zenye bustani. Ploti moja iliyobeba familia moja sasa inabeba ghorofa kumi na kitu, na mstawishaji aliyeanza mradi wakati soko lina joto hawezi kuusimamisha katikati kwa sababu limepoa. Ana deni la benki na anamaliza. Kwa hiyo nyumba huendelea kumiminika hata baada ya wanunuzi kutawanyika. Mwaka 2025 likaongezeka pigo la kufungwa kwa shirika la misaada la Marekani, USAID. Wafanyakazi wengi wa mashirika yaliyotegemea fedha zake walikuwa wapangaji wa fleti nzuri za Westlands, Lavington na mitaa ya jirani, na baadhi yao walilipwa kwa dola. Upande wa pili Umoja wa Mataifa umeamua kuhamishia ofisi zaidi Gigiri, na wenye nyumba za Runda iliyo jirani wanalijua hilo vizuri sana. Ndiyo maana mimi huwa simwamini mtu anayeniambia "soko la Nairobi" kana kwamba ni kitu kimoja. Fleti ya vyumba viwili, ambayo mwenzake anajengwa ng'ambo ya barabara, na nyumba ya kujitegemea yenye uwanja ambayo hakuna anayejenga nyingine kama hiyo, haziishi katika soko moja.

Je, ni 2008?

Hapa nitakaa kidogo, maana hofu hii ndiyo inayosambazwa zaidi. Kilichowapata Wamarekani kilianzia kwenye mikopo. Benki zilikopesha watu wasio na uwezo wa kulipa, mara nyingi kwa riba iliyoanza chini na kupanda baadaye, kisha zikauza madeni hayo kwa wawekezaji duniani kote. Watu walipoanza kushindwa, nyumba zao zilinyang'anywa na kumwagwa sokoni kwa pamoja. Bei zikashuka, wengine wakajikuta wanadaiwa zaidi ya thamani ya nyumba, wakashindwa nao, na gurudumu likaendelea kuzunguka.

Gurudumu hilo linahitaji mamilioni ya mikopo ya nyumba. Kenya yote, yenye watu zaidi ya milioni 50, ilikuwa na mikopo ya nyumba takriban 30,000 tu mwishoni mwa 2023. Sisi tunajenga kwa akiba, kwa mkopo wa Sacco, kwa chama, kwa pesa za ndugu aliye Doha au Dallas. Msingi mwaka huu, kuta mwaka ujao, mabati Mungu akijalia. Na mijini, kwa mujibu wa sensa ya 2019, karibu kaya nane kati ya kumi zinapanga. Nyumba isiyo na deni hailazimishwi na mtu kuuzwa. Inaweza kukaa na bango miaka mitatu na mwenyewe asitetereke.

Lakini kutoporomoka si kupona. Kuna namna nyingine ya kushuka, isiyoandikwa kwenye tangazo lolote. Tuseme ulinunua kwa milioni 10 na miaka mitano baadaye unauza kwa milioni 10. Unasema hujapata hasara. Kama bei za vitu zilipanda kwa asilimia 6 kila mwaka, hizo milioni 10 zinanunua kile ambacho milioni 7.5 zingenunua siku uliposaini. Robo ya thamani imeondoka, na hukusikia hata mlango ukigonga. Nairobi hupoa hivi: bei inasimama tuli huku unga, mafuta na karo vinaipita. Ndiyo maana ule usemi kwamba ardhi haishuki bei una ukweli wa nusu tu. Tarakimu ni nadra kushuka. Thamani hushuka, na hata ardhi haikusamehewa: Upper Hill, iliyokuwa ikitajwa kila mahali wakati wa wimbi la maofisi, ilikaa miaka mingi baadaye ikitambaa.

Hofu nyingine ni kwamba nyumba za bei nafuu za serikali zitaua bei za watu binafsi. Mei 2025 wakazi wa kwanza walikabidhiwa nyumba 1,080 Mukuru, za chumba kimoja cha kuishi na kulala zikilipiwa 3,900 kwa mwezi hadi mtu azimiliki. Anayepaswa kuhesabu vizuri ni landilodi wa bedsita na vyumba vya mabati vilivyo karibu na miradi hiyo, kwa sababu mpangaji wake ndiye anayeitwa. Mwenye nyumba ya milioni 15 Syokimau au Ruaka hashindani na Mukuru. Ule ushuru wa nyumba unaokatwa kwenye mshahara unamgusa zaidi kuliko nyumba zinazojengwa nao.

Basi nani aogope?

Ikiwa unaishi ndani ya nyumba yako, huna deni, na hufikirii kuhama, soko kupoa hakukubadilishii chochote cha leo. Paa ni lile lile. Kinachoumia ni ile tarakimu uliyokuwa ukijitajia kichwani.

Anayepangisha awe macho zaidi, hasa kama kodi ndiyo inayolipa mkopo. Ushauri wangu hapa huwaudhi wengi: mpangaji mzuri akiomba apunguziwe 5,000, mpunguzie. Kwa mwaka ni 60,000. Nyumba ya 60,000 ikikaa tupu mwezi mmoja umepoteza hizo hizo, na bado hujapaka rangi wala kumlipa broka.

Mwenye mkopo ndiye ninayemhurumia kwelikweli, kwa sababu mikopo mingi ya nyumba hapa ina riba inayopanda na kushuka. Aliyekopa kwa hesabu ya asilimia 12 akajikuta kwenye 16 ana haki ya kuuliza benki yake, kwa maandishi, ni lini punguzo la Benki Kuu litafika kwenye akaunti yake. Anaweza pia kuuliza kuhusu mikopo inayofadhiliwa na Kampuni ya Kenya ya Kufadhili Mikopo ya Nyumba, KMRC, ambayo huzipa benki na Sacco fedha za bei nafuu ili zikopeshe kwa riba ya tarakimu moja. Milioni 6 kwa asilimia 9 ni takriban 54,000 kwa mwezi. Tofauti na ile 83,500 ni karo ya mtoto.

Na ikiwa ameshaanza kuchelewesha malipo, ajue kwamba mnada hauji usiku mmoja. Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka benki ingoje mwezi wa kwanza wa kutolipa, itoe notisi ya angalau miezi mitatu, kisha notisi ya siku 40 ya nia ya kuuza. Mpiga mnada naye hutoa siku 45 za kukomboa mali. Kwa jumla ni karibu miezi saba. Kabla ya kuuza, benki lazima ipate makadirio ya mthamini, na nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kwamba benki imekosea hadi ithibitishe vinginevyo. Kama ni nyumba ya ndoa na iliwekwa rehani bila idhini ya mke au mume, hiyo ni hoja ya kumpelekea wakili siku hiyo hiyo. Nyumba nyingi hupotea kwa sababu mwenyewe aliziweka barua kwenye droo bila kuzifungua. Miezi saba katika soko lililopoa ni mifupi, kwa hiyo anayeona hatamudu ni heri auze mwenyewe mapema, kwa bei anayojadiliana yeye, kuliko kungoja nyundo.

Ndugu walio Marekani au Ghuba wana hesabu ya ziada. Mwezi Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160. Katikati ya mwaka huo ilikuwa imerudi karibu 129. Aliyetuma dola kununua fleti shilingi ilipokuwa dhaifu, kisha ikaimarika, fleti yake ina thamani zaidi kwa dola hata kama bei ya shilingi haikusogea. Anayetuma sasa hivi kumalizia ujenzi ndiye anayelia, kwa sababu dola zile zile zinanunua simiti kidogo.

Kundi lililo hatarini kuliko yote si la wenye nyumba bado. Ni wale walionunua nyumba ingali kwenye ramani. Mstawishaji anayejenga kwa malipo ya wanunuzi huishiwa pesa mauzo yakikauka, na nyumba husimama kwenye ghorofa ya nne. Mtu wa namna hiyo asitazame bei za soko hata kidogo. Atazame kama mafundi wako kazini, ardhi iko kwa jina la nani, na kama fedha zake zinashikwa na wakili hadi hatua iliyokubaliwa ifikiwe. Aulize pia kuhusu hatimiliki ya fleti yenyewe. Tangu Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020 ianze kufanya kazi, wanunuzi wenye macho hutaka cheti cha fleti yao wenyewe, na katika soko lenye fleti za kuchagua, ile isiyo nacho hubaki ya mwisho.

Kuna pia anayefaidika, na mara nyingi hajijui. Ni mwenye fleti ya milioni 8 anayetamani kuhamia nyumba ya milioni 18 kwa sababu watoto wamekua. Soko likishuka kwa asilimia 10, kwenye fleti anapoteza 800,000. Kwenye nyumba anayonunua anaokoa milioni 1.8. Wengi katika hali hii hungoja "soko litengemae" ndipo wauze, bila kuona kwamba likitengemaa, nyumba wanayoitaka itakimbia zaidi kuliko wanayoiacha. Akumbuke tu kuweka kando asilimia 4 ya ushuru wa stempu kwa mali ya mjini, na ushuru wa faida ya mtaji, ambao tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida. Huo wa pili hautozwi kwa nyumba ambayo muuzaji ameishi humo mfululizo kwa miaka mitatu kabla ya kuiuza. Aliyekwisha kuhama na kuweka mpangaji humo ameshaupoteza msamaha huo.